Kumpandisha Baba Mkwe Mnarani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wamejaliwa miguu ya kutembea, mimi nilijaliwa mahali pa kukalia. Miaka hiyo, mwanzoni mwa themanini, tulikuwa tunaishi mtaa wa Kongo, pale Kawangware, Nairobi, chumba kimoja cha mabati, na maadamu sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwenye kioski cha nje, sikuona sababu ya kwenda mbali kuliko mferejini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Ningeweza kukutajia mito ya Kanada bila kukosea, lakini ungeniuliza mtu anafikaje posta kuu, ningekuambia ungoje mume wangu arudi kazini. Mji wenyewe nilikuwa nimeuona siku nilipoteremka kwenye basi kuja kuolewa, na siku nilipokwenda kujifungua, na siku hiyo ya pili, kusema kweli, sikuwa naangalia majengo.

Kwa hiyo watu wa ploti yetu walipoambiwa kwamba mimi ndiye nitakayempeleka baba mkwe mjini kuona kengele, walicheka mpaka mtoto wangu akaamka.

Kisa chenyewe kilianzia mbali, huko magharibi, kwenye kanisa la kijijini kwao mume wangu. Kanisa lile halikuwa na kengele. Lilikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, na nyundo, na mwenye nyundo alikuwa baba mkwe. Hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa, lakini hakuna ibada iliyoanza kabla yake. Na reli ile ilikuwa na lugha yake. Ikipigwa taratibu, ni ibada. Ikipigwa mfululizo bila kupumua, ni moto, au mwizi, au mtu amefariki.

Sasa masikio ya mzee yakaanza kumtoroka. Jumapili moja alipiga, hakusikia. Akaona hajapiga vizuri, akaongeza. Hakusikia. Akaongeza kwa hasira. Kijiji kizima kikaja mbio na ndoo za maji na mapanga, kikamkuta chini ya mti anatokwa na jasho, anauliza mbona leo watu wamekuja kuabudu na mapanga. Mambo hayo yalirudiwa Jumapili zilizofuata, mpaka watu wakachoka kukimbia, na wazee wa kanisa wakaona hatari: siku moto wenyewe utakapokuja, nani atatoka nyumbani? Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia usoni. Usoni walimwambia, "Leo umepiga vizuri sana, mzee." La kweli walimpa mume wangu abebe, alipokwenda nyumbani Krismasi: mpeleke baba yako Nairobi atibiwe masikio, na yasipopona, nyundo itapewa mtu mwingine.

Akaletwa. Mume wangu akampeleka hospitali, daktari akamulika ndani ya masikio, akampigia hiki na kile, mwishowe akasema hakuna dawa, masikio yamechakaa. Mume wangu akayarudia maneno hayo kwa kelele pale pale uani hospitalini, watu wote waliopanga foleni wakayapata, na baba mkwe pia.

"Amenipigia kitu kidogo kama njuga ya mbuzi," baba mkwe akasema. "Mimi ni mbuzi?"

Akawaza njia nzima. Walipofika kwetu alikuwa ameshakata shauri. Tatizo, alisema, si masikio, ni reli. Reli ni chuma cha gari moshi, hakikuumbwa kuita watu kanisani. Yeye alitaka kusikia kengele yenyewe, ile kubwa ya kanisa la mawe la mjini, ambayo kila mtu aliyewahi kufika Nairobi alirudi kijijini akiisifu. Akiisikia, atarudi awaambie wazee wachange wanunue kengele, na kamba yake atavuta yeye. Asipoisikia, nyundo ataiweka chini kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mnara wa kanisa hilo ulifunguliwa wageni Jumamosi asubuhi peke yake, na kengele ilivutwa saa sita mchana. Mzee alikuwa arudi kwao Jumapili. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na Jumamosi ndiyo siku ya ovataimu.

"Utampeleka wewe," akaniambia.

"Mimi? Mjini?"

"Kwani mjini kuna simba?"

"Simba si shida. Nitaongea naye vipi?"

Na hapo ndipo palipokuwa na shida hasa.

Kwetu, mke na baba mkwe hawashikani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, hawapitani mahali pembamba. Mwanamke akiwa na neno la kumwambia baba mkwe, analisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Naye baba mkwe hamsemeshi mke wa mwanawe moja kwa moja. Anasema na kitu kilicho karibu, na mwanamke anasikia. Ndiyo heshima. Sasa chukua heshima hiyo, umpe mtu asiyesikia, na mwanamke aliyekatazwa kupaza sauti.

Wiki nzima tulikuwa tumeishi hivyo. Kulala alikuwa analala Kibera kwa mpwa wake, kwani chumba chetu kilikuwa kimoja na kitanda kilikuwa humo humo, na baba mkwe haingii penye kitanda cha mwanawe. Lakini mchana alishinda kwetu, nje ya mlango, kwenye kigoda changu. Akitaka chai alimwambia kuku wa jirani.

"Wewe kuku, kama hapo ndani kuna chai, mtu hapa nje angekunywa."

"Ipo, Baba, inachemka," mimi nilikuwa nikisema polepole nikitazama jiko.

Halafu yeye tena: "Kuku, nimesema kama kuna chai."

Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa kutoka ziwani aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa kwao, alikuwa akishindwa kuvumilia. "Mzee!" alipiga kelele, yeye hakuwa na mkwe pale. "Chai iko! Kuku amesema iko!"

Huyo jirani ndiye aliyebaki na mtoto wangu ile Jumamosi. Alinisindikiza mpaka barabarani, nimejifunga leso kichwani, kikapu cha viazi vitamu mkononi na chupa ya chai kwapani.

"Leo ndio utaona Nairobi, mama," akasema. "Ukipotea ulizia Kawangware. Ni mji mkubwa, wanaujua."

Nilimchukua baba mkwe Kibera, upande ule unaopakana na mtaa wa Ayany, nyumba za pale zikiwa bado zinanukia rangi mpya. Alikuwa tayari, amevaa koti lake jeusi la kanisani na tai. Alipoona nimefika, aliuambia ukuta wa mpwa wake, "Basi twende," akatangulia.

Tulikwenda kwa miguu. Ubahili ulikuwa sababu moja, sikatai, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa mboga ya siku kadhaa. Lakini hata tungepewa nauli bure, basi la Nairobi lingetubana kifua kwa mgongo, na huyo ni mkwe. Kwa hiyo yeye alitembea upande mmoja wa barabara na mimi upande wa pili, nyuma kidogo, kama watu waliogombana. Kila gari lilipopiga honi nyuma yake hakugeuka, na mimi ng'ambo ya barabara nilikuwa nimekazana kunong'ona, "Baba, gari! Baba, gari!" Madereva ndio walionisikia, maana mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mama, unamwambia nani? Mimi ndio gari!"

Mnara tuliuona tukiwa bado mbali, umesimama juu ya miti, wa mawe ya kijivu, na mzee akaanza kuharakisha. Tulifika mapema. Tukakaa kwenye kona ya ukuta wa kanisa kula, yeye upande mmoja wa kona na mimi upande wa pili, tusionane. Nilikuwa nikiweka kiazi pembeni ya kona, mkono wa koti jeusi unatokea, unakichukua, unapotea. Mzungu aliyekuwa akipita na kamera alisimama akatutazama muda mrefu. Sijui aliandika nini kwao.

Mlango wa mnara ulilindwa na mtunza mnara, mwanamume mfupi mwenye koti la kijivu na rundo la funguo.

"Nyinyi ni watalii?" akauliza.

Sikuwahi kuitwa hivyo. Nikaangalia viatu vyangu vya plastiki. "Ndiyo."

"Mnatoka wapi?"

"Kawangware."

"Hiyo ni safari," akasema bila kucheka. "Watalii wanaweka kitu kwa hilo sanduku. Ni ya kutengeneza paa."

"Sisi ni wa kuangalia tu."

"Kwani hao wengine wanakula paa? Wote ni kuangalia." Akaelekeza kidevu kwa msichana wa Kizungu aliyekaa kwenye ngazi za nje, nywele amezifunga kwa kamba ya kiatu, mfuko mkubwa mgongoni, anatafuna mkate mkavu. "Huyo jana alisema yeye ni mwanafunzi, hana kitu. Leo amerudi, bado ni mwanafunzi. Haya, wasiolipa wote pandeni pamoja, mnimalizie."

Akafungua mlango, nami nikachungulia, na moyo ukanishuka. Nilikuwa nimefikiri mnara una ngazi kama za shule, mtu anapita huku na mwingine kule. Kumbe ni tundu. Ngazi za mawe zimejizungusha kama konokono, nyembamba, bega linagusa huku na huku.

"Mzee atangulie," mtunza mnara akasema, "na wewe ufuate nyuma, umshike akiteleza."

"Siwezi kumshika."

"Uko na mkono mbaya?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Aaa," akasema. Kumbe naye alikuwa mtu wa magharibi. Akajikuna kisogo. "Basi wewe tangulia."

"Na sketi hii? Nipande juu ya kichwa chake?"

"Aaaa," akasema tena, safari hii kama mtu aliyekanyagwa.

Baba mkwe hakusikia lolote kati ya hayo. Aliona mlango uko wazi na watu wamesimama. "Wewe ukuta," akasema, "mbona hatuingii?"

Nikajaribu kunong'ona. Nikanong'ona kwa nguvu. Mwishowe nikaona jua linapanda na kengele haingoji, nikafumba macho nikapaza sauti kama mwuza magazeti: "BABA! NI NGAZI! NYEMBAMBA! TUTAPANDAJE?"

Sauti yangu ikaingia mnarani, ikapanda, ikazunguka huko juu ikaturudia: pandaje, pandaje. Watu waliokuwa bustanini wakageuka. Nilitaka ardhi inimeze. Baba mkwe akaingiza kichwa mlangoni, akaziona ngazi, akanielewa mara moja. Akarudi nyuma.

"Basi turudi," akaambia ukuta.

Nilimwibia jicho, ingawa si ruhusa. Nilitegemea kuona mtu aliyesikitika. Niliona mtu aliyeambiwa kesi yake imeahirishwa. Mabega yalikuwa yameshuka, uso umetulia. Ndipo nikaelewa kwamba muda wote ule, barabara nzima, alikuwa anaogopa. Ngazi zilikuwa zimempa udhuru mzuri: si kwamba sikusikia, ni mkwe wangu, ni heshima. Na mimi udhuru huo ulinifaa vile vile. Ningekuwa kwenye kigoda changu kabla ya saa tisa.

Lakini kesho yake angepanda basi, angefika kijijini na swali lile lile, angechukua nyundo, na watu wangetoka na ndoo. Au wasingetoka. Na siku moja angefika mtini akute nyundo haipo, na hakuna atakayemwambia imekwenda wapi.

"Haturudi," nikamwambia mtunza mnara. "Tafuta njia."

Wakati huo yule msichana wa Kizungu alikuwa amemaliza mkate, anajipangusa makombo, anasogea mlangoni. Mtunza mnara akamtazama, akanitazama.

"Pazia hii hapa," akasema.

Tukapangwa. Mtunza mnara mbele, baba mkwe, Mzungu, kisha mimi. Msichana hakujua amefanywa ukuta. Alicheka tu akasema "pole pole," nadhani ndiyo Kiswahili chake chote. Baba mkwe naye hakuweza kupinga, kwa sababu sasa kulikuwa na mtu mzima kati yetu, tena mgeni, na mfuko wake peke yake ulitosha kuficha ukoo mzima. Akapanda.

Mwanzo tulikwenda vizuri. Mimi sikuona kitu ila chini ya mfuko ule, na sufuria ndogo iliyoning'inia hapo ikigonga mawe. Halafu ngazi zikazidi kubana, na mfuko ukakataa. Msichana akavuta mbele, akavuta nyuma, sufuria ikalia. Akaomba radhi kwa lugha yake, mara nyingi, huko mbele viatu vya baba mkwe vikiendelea kupanda na kupotea, maana hakusikia kwamba pazia limekwama. Mwishowe msichana akajivua mfuko, akaukumbatia kifuani, ikawa hakuna namna ila ashuke nao. Alinipita kwa taabu kubwa. Nilijibandika ukutani kama tangazo. Akaniashiria kwa mkono: nenda, nenda.

Nikaenda. Kona ya tatu au ya nne nikamkuta baba mkwe amesimama, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye goti. Kutoka juu mtunza mnara alikuwa anaita, "Harakisheni! Mwenzangu huko chini akishika kamba hangoji mtu!"

Mzee akageuka kuangalia nyuma, akitegemea kumwona Mzungu, akaniona mimi. Macho yetu yakakutana, hakukuwa na ukuta wala kuku wa kusema naye.

"Mzungu ameenda wapi?" akaniuliza. Mimi. Moja kwa moja.

"AMEKWAMA!"

"Amekufa?"

"AMEKWAMA, BABA! MFUKO!"

"Ah." Akacheka kidogo, kisha uso ukakunjamana. "Goti limekataa."

"BADO KIDOGO!"

"Goti halijui kidogo."

Niliangalia chini: giza. Niliangalia juu: mwanga kidogo, na sauti ya funguo. Sijui ni nini kilinipata, mimi ambaye hata kuku wa jirani nilikuwa nikimwogopa akiwa na vifaranga. Nikaweka kikapu chini, nikaweka viganja vyote viwili kwenye mgongo wa lile koti jeusi, nikafumba macho, kana kwamba kutoona kutapunguza kosa. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Koti lilinuka moshi na dawa ya nondo.

Alikakamaa. Nikafikiri, sasa atalaani. Halafu akasema bila kugeuka, "Sukuma basi. Unanibembeleza kwani mimi mtoto?"

Nikasukuma.

Tulitokea kwenye sakafu ya mbao, madirisha marefu pande zote, upepo mwingi, mavi ya njiwa kila mahali. Na kengele. Sitaisifia sana kwa sababu wengi wameshaisifia. Nitasema tu kwamba ungeipindua ungeweza kuogea ndani. Niliangalia nje kutafuta Kawangware, ili nimwambie jirani nimeiona, lakini ilikuwa miti na moshi tu, na huenda hata upande haukuwa huo.

Baba mkwe aliizunguka kengele, akainama kuangalia ulimi wake, akaigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua sufuria. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtunza mnara akatuonyesha tuzibe masikio. Mimi nikaziba. Mzee akakataa, bila shaka. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akageuka, akaipa kengele mgongo, akaenda kusimama dirishani.

"Nikiiangalia nitajidanganya," akasema. "Jicho litasikia badala ya sikio."

Akaweka mikono nyuma, akasimama wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Kamba ikatikisika. Kengele ikainama upande mmoja kwa uvivu, ikarudi, ikalia.

Mimi nilikuwa nimejiziba kwa vidole vyote vilivyofaa kazi hiyo, na bado iliniingia menoni. Mbao zilitetemeka chini ya miguu. Njiwa waliruka wote kwa pamoja, wakapita mbele ya dirisha la mzee, nikamwona anawafuata kwa kichwa, akiwatazama wanavyozunguka na kutua juu ya paa. Kengele ililia, ikalia, ikamaliza saa sita yake. Ikaendelea kuvuma peke yake. Ikanyamaza.

Baba mkwe hakugeuka.

"Mjini mna malori makubwa," akasema. "Hilo lililopita hapo chini limetikisa mpaka mbao hizi." Akangoja. "Kengele bado?"

Mtunza mnara alinitazama. "Mwambie amesikia," akasema haraka. "Si amesikia mtikisiko? Ni ile ile. Mwambie ndiyo hiyo, ameisikia, aende nyumbani na furaha."

Sikuwa na budi kufikiri, na nilikuwa na mlio masikioni. Ningeweza kusema, na isingekuwa uongo kamili. Kijiji kizima kilikuwa kimemwambia amepiga vizuri. Lakini mtu amekuja kutoka magharibi, amepanda tundu lile akisukumwa na mke wa mwanawe, amegeuza mgongo ili asijidanganye. Nikaenda nikasimama mbele yake, dirishani, mahali ambapo hakuna mke yeyote wa kwetu angesimama.

"IMELIA, BABA."

"Lini?"

"SASA HIVI. HAIKUWA LORI."

Alinitazama midomo, kisha akatazama kengele, ambayo ilikuwa bado inayumba kidogo. Mimi nikaangalia viatu vyangu, kwa mazoea.

"Basi," akasema mwishowe. "Mtu asiyetofautisha kengele na lori hana haja ya nyundo." Akafunga kifungo cha koti. "Tushuke. Wewe shika koti hapa nyuma, goti hili kwenye mteremko ni jinga zaidi."

Tulishuka yeye mbele, mimi nimekamata ukosi wa koti lake kama askari aliyekamata mwizi, na kikapu changu tukakipitia pale nilipokiacha. Chini tulimkuta msichana wa Kizungu amekalia mfuko wake. Akauliza kwa vidole kama ilikuwa nzuri. "Kubwa!" baba mkwe akamwambia kwa sauti ya kanisa zima. "Kubwa sana!" Halafu akatoa kitambaa mfukoni, akafungua fundo kwa meno, akatumbukiza kitu sandukuni. Nilishangaa mimi, akashangaa mtunza mnara.

"Mzee, lakini hukusikia," mtunza mnara akasema, akionyesha masikio.

"Nimelipia lori," baba mkwe akajibu.

Kurudi tulitembea upande mmoja wa barabara. Gari likija nilimvuta mkono wa koti. Mume wangu alipoambiwa jioni alishika kichwa. "Ulimshika? Kwa mikono?" Jirani wa omena akasema kama mkono ndio shida, ningemsukuma kwa mguu. Baba mkwe mwenyewe alisema kosa lile litasafishwa kwa faini ya blanketi, jipya, zito, na achague rangi yeye, na ninavyomjua alikuwa amelihitaji blanketi hilo tangu kabla ya safari.

Jumatatu, huko kijijini, kabla mzee yeyote wa kanisa hajafungua kinywa, alichukua nyundo akaikabidhi kwa mwanamke mmoja wa kwaya mwenye mikono mipana, akamfundisha upigaji wa ibada na upigaji wa moto. Wazee waliudhika kidogo, kwa sababu walikuwa wameshatayarisha hotuba.

Tulipokwenda nyumbani mwaka ule nilimkuta Jumapili asubuhi amekaa uani, amevaa koti na tai, Biblia magotini, anaangalia upande wa mti. Watu walipita wakimwamkia, na yeye alimwuliza kila aliyepita, "Imelia?" Wote walitikisa vichwa kwamba ndiyo, kwa heshima, iwe imelia au haijalia, naye alikuwa anainuka, anakwenda, anakuta kanisa limefungwa, anarudi. Niliyaona hayo nikiwa jikoni, moshi machoni. Aliporudi mara ya pili hakumwuliza mtu mwingine. Alikuja mpaka karibu na mlango wa jikoni akaniita, mimi, si ukuta.

"Imelia?"

"BADO, BABA! KAA CHINI!"

Huko ng'ambo ya shamba nikasikia mtu akisema kwamba wanawake waliosoma, wakishaishi Nairobi, hawana adabu tena. Baba mkwe yeye hakusikia. Alivuta kiti karibu na mlango, akakaa.